Jina Lisilochinjiwa Mbuzi

Mwaka ule wa themanini na nne watu wa Kabati, upande wa Kitui, waliacha kuulizana kama mvua itanyesha. Waliulizana tu habari za nani ameamka na nani hakuamka. Njaa yenyewe ilikuwa imekwisha kupewa jina. Kwa Wakamba kila njaa hupewa jina lake, kama mtoto, ili watakaozaliwa baadaye wajue ni ipi inayosemwa. Na hii iliitwa njaa ya kufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa alizunguka soko zima asione cha kununua.

Katikati ya njaa hiyo, Mumbua binti Kavata alikuwa akijifunza Kiingereza.

Hakikuwa Kiingereza cha kawaida. Hicho alikuwa nacho. Alikuwa na shahada ya sayansi ya mimea kutoka Nairobi, na alikuwa amefundisha katika shule ya harambee kule Kasikeu, upande wa Makueni, mpaka wanafunzi walipoanza kuanguka mstarini asubuhi na shule ikafungwa. Alichokuwa akikitafuta sasa ni maneno ya juu, maneno ambayo alishuku hata wenye lugha yao huyatoa mara moja kwa mwaka, kama vyombo vya wageni. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimekubali kumpokea akasomee mbegu zinazovumilia ukame, gharama zote juu yao, kwa sharti moja: afaulu mtihani wa kuingilia masomo ya juu. Hesabu za mtihani huo alizifanya kama mtu anayechambua mboga. Maneno ndiyo yaliyomwangusha. Profesa aliyemwekea nafasi alimweleza kwa upole kwamba angeishikilia kwa jaribio moja tena, la mwezi wa Oktoba. Baada ya hapo ingekwenda kwa mwingine.

Mumbua hakuitaka safari hiyo kwa ajili ya kuona theluji. Misimu mitatu mfululizo alikuwa amemwona mama yake akipanda mbaazi, mbaazi zikaota, zikatoa maua, na maua yakakaukia pale pale mtini. Msimu wa mwisho mama alisimama katikati ya shamba, akashika ua moja, likabomoka kama jivu. Baba alikuwa amekufa zamani. Nyumbani walikuwa wawili tu, na shamba lile, na mbuzi waliokuwa wakipungua.

Kwa hiyo alisoma. Kitabu kinene cha maneno alikuwa ameachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao, na alikisoma asubuhi akiwa na nguvu kidogo, na mchana akiwa hana. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alijifunza ishirini, kesho yake akabaki na mawili, keshokutwa hata hayo mawili hakujua ni yapi.

Dawa aliipata kisimani.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini ya mchanga, na kila wiki yalizidi kushuka, hata shimo lililoanza kwa kufukuliwa na mikono likawa refu kuliko watu wawili, limekatwa vidato pembeni. Aliyeshuka alichota kwa kata, akangoja maji yajichuje tena, akachota. Jerikeni moja ilichukua muda wa ibada fupi. Juu, kwenye mdomo wa kisima, kando ya uzio wa miiba, aliketi Mzee Kiilu juu ya kigoda chake cha miguu mitatu. Ukoo ulikuwa umemkabidhi kisima, na sheria yake ilikuwa jerikeni mbili kwa kila nyumba, hakuna kufua, hakuna kunawia miguu. Wanawake walipanga mstari kutoka jua linapochomoza, wakangoja.

Siku moja Mumbua alikuwa mstarini na binamu yake Muthoki, mtoto wa Muthoki amelala mgongoni, na kitabu kikiwa wazi juu ya jerikeni. Alisoma neno "parsimonious", mtu anayebana mkono, anayetoa kwa uchungu. Akainua macho, akamwona Mzee Kiilu akiichungulia jerikeni ya mwanamke mmoja kuhakikisha haijapita shingo. Neno likamkaa mzee yule kama kofia yake mwenyewe. Mumbua akacheka peke yake, na Muthoki akataka kujua anachekea nini.

Kesho yake neno lilikuwa bado lipo. Na keshokutwa. Hapo ndipo Mumbua alipoelewa alichokosea. Kwao jina halitungwi hewani. Mtoto huitwa kwa lililotokea: yeye mwenyewe aliitwa Mumbua kwa sababu alizaliwa siku ya mvua, na mwanamke wa nyumba ya tatu aliitwa Nthenya kwa sababu alizaliwa jua likiwaka. Hata njaa ilikuwa na jina lililotokana na yaliyowapata watu. Neno lisilo na mtu wala siku yake lingekaaje? Basi akaanza kuyapa maneno wenyewe. Mutindi, aliyeweza kuzungumza tangu mwisho wa mstari mpaka mdomo wa kisima bila kumeza mate, alipewa "garrulous". Punda wa Nthenya, aliyekuwa akisimama njiani na kukataa katakata, alipewa "obdurate". Muthoki alisaidia kuchagua. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na katika mwaka ule kicheko kilikuwa kitu adimu kuliko nyama. Maneno yalianza kukaa, kumi, hamsini, mia. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze Mumbua aliota ndoto iliyokuwa na mlango uliofunguka.

Neno moja hakumwambia Muthoki limemwendea nani.

*

Mambo yaliharibika siku mtoto wa Muthoki alipoharisha.

Muthoki alikuwa ameshachukua jerikeni zake mbili asubuhi. Alirudi adhuhuri na ya tatu, akaeleza kwamba nguo za mtoto zimechafuka zote. Mzee Kiilu akamjibu kwamba kila nyumba ina mtoto. Muthoki akaomba. Kiilu akatikisa kichwa. Wanawake waliokuwa mstarini walitazama chini, kwa sababu walimhurumia, na kwa sababu jerikeni yake ya tatu ingetoka katika zao.

"Ndiyo maana Mumbua anakuita 'parsimonious'," Muthoki akasema, huku analia. "Anakujua vizuri."

Mzee Kiilu hakukasirika haraka. Alikuwa mzee wa kanisa, na hasira yake ilikuja kwa mpangilio, kama ibada. Alikunja mikono juu ya fimbo, akamwita Mumbua atoke mstarini, akamuuliza neno hilo ni nini.

Mumbua alimwita umau, yaani babu, kama alivyomwita tangu utotoni. "Ni mtu anayebana mkono, umau."

"Anayebana mkono."

"Ndiyo."

"Na ni wewe uliyenipa?"

"Ni mimi."

Mutindi alikuwa amecheka kuliko wote. Sasa akasogea, ameshika kiuno. "Na mimi je? Usiniambie umeninyima."

Mumbua alimwambia. Mutindi akataka maana, na Mumbua akampa: mtu anayesema sana. Na Mutindi, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alinyamaza. Kunyamaza kwake kulimuumiza Mumbua kuliko matusi. Wengine wakauliza, mmoja baada ya mwingine, naye akajibu, kwa sababu hakujua namna ya kudanganya nyuso zile alizozisalimia kila asubuhi. Mwizi wa kuni akajua kwamba anajulikana. Mwenye kununa akaambiwa amenuna. Kadiri alivyojibu ndivyo mstari ulivyotulia.

Mzee Kiilu aliwaacha wamalize, kisha akatoa hukumu.

"Mimi nilipewa jina siku ya tatu ya kuzaliwa," alisema. "Baba alichinja mbuzi, wanawake wakala, ndipo nikaitwa Kiilu. Kabla ya hapo nilikuwa kitu tu, sikuwa mtu. Sasa wewe umenipa jina lingine uzeeni na sijaona hata kifaranga. Tena umenificha. Hata mbwa wangu anajua anavyoitwa."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

Mzee aliendelea kusema kwamba kwa haki angedai mbuzi, lakini mbuzi yuko wapi? Hao waliobaki, ukimchinja mmoja, utaona afadhali ule kamba aliyofungiwa. Kwa hiyo Mumbua atalipa kwa mgongo. Atashuka kisimani na kuwachotea wote aliowapa majina, kila siku, tangu asubuhi mpaka mstari uishe, hadi siku ya kwenda Nairobi kwa huo mtihani wake. Akimaliza watakuwa wamelingana.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu pungufu. Mumbua alimtafuta mama yake kwa macho. Kavata alikuwa mstarini, karibu na mwisho, jerikeni zake miguuni. Alikuwa akiangalia mchanga. Yeye peke yake hakuwa ameuliza lake.

*

Aliuliza jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima, akipepeta mahindi ya manjano ya msaada kwenye ungo.

"Pale sikuuliza," alisema Kavata.

"Niliona, mwaitu." Ndivyo Mkamba amwitavyo mama yake, na Mumbua alilisema kwa sauti ndogo.

"Kama umewapa wote unaowaona, hutakuwa umeniruka mimi. Ni lipi?"

Mumbua alifikiria kudanganya. Kitabu kilijaa maneno mazuri, yenye heshima, marefu kama mabehewa; angechukua lolote na mama yake asingejua mpaka kufa. Lakini alikuwa amesema kweli mchana kutwa, na sasa hakuona atakavyoanza uongo na mtu huyu.

"Abject," alisema.

"Maana yake?"

"Ni mtu aliyeshushwa mpaka chini kabisa. Mpaka hana tena pa kushukia."

Kavata alitoa jiwe dogo katika mahindi, akalitupa. "Ulinipa lini?"

"Siku ya lori."

Siku hiyo lori la msaada lilikuwa limefika Kabati na magunia yakaisha kabla majina hayajaisha. Jina la Kavata lilikuwa miongoni mwa yaliyobaki. Watu walipoanza kuondoka, gunia moja lililopasuka likawa limemwaga punje chini ya lori, kati ya magurudumu. Mumbua alikuwa akipita na kitabu chake kwapani. Alimwona mama yake, mwanamke aliyeimba sauti ya kwanza kanisani, akipiga magoti, kisha akiinama zaidi, kisha akiingia chini ya lori kwa tumbo, akiokota punje moja moja kwenye vumbi na kuzitia katika pindo la leso. Viatu vya wanaume vilimpita kichwani. Dereva alipiga honi ili atoke.

"Kwa hiyo uliniona," alisema Kavata.

"Nilikuona. Nikajificha nyuma ya duka mpaka ulipomaliza."

"Nilikuwa naokota namwomba Mungu usipite njia ile."

Ungo ulisimama. Mumbua alitaka kupiga magoti, au kukimbia, hakufanya lolote. Kuku wa mwisho wa nyumba hiyo alikuja kutazama ungo, akafukuzwa kwa mguu. Kisha mama yake akauliza kitu ambacho Mumbua hakukitarajia.

"Hilo neno, unalikumbuka vizuri?"

"Sitalisahau maisha yangu yote."

"Haya," alisema Kavata, akaanza kupepeta tena. "Basi limefanya kazi."

*

Chini ya kisima kulikuwa na baridi na giza la kijani. Mumbua alishuka kila asubuhi akiwa amefunga kanga kiunoni, akachota, akangoja, akachota, akainua jerikeni hadi kwenye mikono iliyoinamia kutoka juu. Mikono hiyo ilipokea bila neno. Kitabu hakikuweza kushuka naye. Siku ya kwanza alijaribu, kikaanguka kwenye tope na kurasa zikashikana. Alijaribu kuyasoma maneno kichwani. Hapo ndipo alipogundua balaa lenyewe.

Maneno yalikuwa yakiondoka. Alisema "parsimonious", na badala ya mkono unaobana akaona uso wa mzee aliyeaibishwa mbele ya wajukuu zake. Alisema "garrulous", akamsikia Mutindi akinyamaza. Watu walikuwa wamejitoa katika maneno yake mmoja mmoja, na kila aliyetoka alitoka na lake. Hata punda alikuwa amekufa. Usiku usingizi ulimchukua kabla hajafungua ukurasa, na asubuhi kisima kilikuwa kinamngoja. Siku moja aliketi juu ya visigino vyake huko chini akalia kwa kwikwi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, na machozi hayakuongeza maji.

Jioni ile alimwambia mama yake kwamba hatakwenda Nairobi. Hakuna haja ya kwenda kuaibika mara ya pili. Nauli ile afadhali itafute unga. Kavata alikuwa akishona pindo la gauni ambalo Mumbua angelivaa kwenda kwenye mtihani, na hakuacha kushona.

Kesho yake, Mumbua akiwa chini, alisikia sauti ya mama yake ikishuka kutoka mdomoni mwa kisima.

"Mumbua. Mimi ni nani?"

Mumbua aliinua macho, kata mkononi.

"Nimekuuliza. Mimi ni nani, kwa lile neno lako?"

"Mwaitu, acha."

"Siachi. Sema, ndipo nikuteremshie jerikeni."

Mumbua alilisema. Lilipanda juu kwenye ule mwanga wa duara, likatoka nje, na wanawake wote wakalisikia. Kavata akataka aseme pia maana yake, kwa Kiingereza, kama atakavyoulizwa huko. Mumbua akasema maneno matatu manne yenye maana hiyo hiyo. Kisha akasikia mama yake akigeukia mstari.

"Mimi langu nalibeba mpaka afanye mtihani. Siku atakayomaliza atanivua. Na nyinyi mnaogopa nini? Mtapungua? Mmebakiwa na nini cha kupungua?"

Mtu alimuuliza lake lina maana gani.

"Langu ni langu na mwanangu," alisema Kavata.

Halafu kichwa cha Mutindi kikaziba mwanga. "Haya, na mimi ni nani?"

"Garrulous," Mumbua alisema.

"Liko lingine la maana hiyo?"

"Loquacious. Na lingine ni verbose."

"Mungu wangu," alisema Mutindi, akiwageukia wenzake, "hata huko Marekani wananijua."

Kicheko kilianguka ndani ya kisima kama mawe madogo. Tangu siku hiyo kila jerikeni ilishuka na swali lake. Walimuuliza wao ni nani, na nini kinyume chao, maana alikuwa amewaambia kwamba mtihani hupenda kuuliza kinyume. Waliogombana naye walimsamehe kwa namna ya kumsumbua. Aliyeiba kuni alidai neno lake lisemwe polepole, apate kuwatisha nalo wakwe zake. Mzee Kiilu peke yake hakuuliza lake. Aliketi juu ya kigoda akihesabu jerikeni, na alipoulizwa alisema yeye ana jina.

Lakini siku zilikuwa zimekwisha. Watu wa mstari ule walikuwa wachache na maneno ya kitabu yalikuwa maelfu, na tumbo tupu halishiki kitu. Mara nyingi Mumbua alijibu vibaya, akajua amejibu vibaya, na hakuwa na kitabu cha kusahihishia. Siku ya mwisho alipopanda vidato alishikwa na kizunguzungu, akakaa mchangani kichwa kikiwa katikati ya magoti. Alijua kwamba hayuko tayari. Alijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba mlango umefungwa kabla hajausukuma.

Kivuli kilimsimamia. Alikuwa Mzee Kiilu, na kata la maji safi mkononi, limejaa mpaka ukingoni.

"Lile neno nimelifikiria," alisema. "Marehemu mke wangu angelipenda." Alingoja anywe, akapokea kata, akachungulia ndani kuona kama amebakiza. "Nakukopesha. Ila ukirudi nalitaka jina langu, tena likiwa safi."

*

Ukumbi wa mtihani huko Nairobi ulikuwa na dari refu, na viti vilivyopangwa mbali mbali, kila mtu na upweke wake. Karibu wote walikuwa vijana wa mjini waliovaa saa. Mumbua alivaa gauni lililoshonwa pindo, na chini ya kucha zake kulikuwa na tope la kisimani ambalo sabuni haikuliweza.

Karatasi ilipofunguliwa walikuja wageni watupu. Neno baada ya neno, hakuna aliyemjua, hakuna aliyewahi kusimama kwenye ule mstari. Alikisia, akaruka, akarudi, akakisia. Aliwaza kusimama na kuondoka, na miguu yake ilikuwa imekwisha kujikusanya chini ya kiti kwa ajili hiyo, alipogeuza ukurasa na kumkuta Mzee Kiilu. Alikuwa amekaa pale, namba yake pembeni, wakitaka kinyume chake. Mumbua akamwona amesimama na kata lililojaa mpaka ukingoni, akaweka alama. Chini kidogo akamkuta jirani mwingine. Mutindi hakuja.

Na katika ukurasa wa pili kutoka mwisho alikuwepo mama yake.

ABJECT, kwa herufi kubwa, na chini yake maneno matano, achague lililo kinyume. Alijua jibu. Lakini mkono haukwenda. Alikuwa chini ya lori tena, na nyuma ya duka tena, na honi inalia. Halafu akawa chini ya kisima, anatazama juu, na kwenye duara lile la mwanga kulikuwa na kichwa cha mwanamke kilichoinuliwa, kikitaja aibu yake mbele za watu kama mtu anayetaja ukoo wake. Kinyume cha neno lile kilikuwa ndani ya mwanamke yule yule. Mumbua aliweka alama, akafuta machozi kwa pindo la mkono ili yasilowanishe karatasi, na alipoweza kuona tena msimamizi alikuwa akiamuru kalamu ziwekwe chini. Ukurasa wa mwisho ulibaki mweupe.

*

Aliporudi, Mzee Kiilu alikuwa akimngoja kwenye kigoda. Mtihani umekwisha, alisema; amrudishie jina. Mumbua alisimama mbele ya mstari wote akamwambia, "Wewe ni Kiilu," na mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea chenji kamili. Akamwambia Mutindi yeye ni Mutindi. Mutindi akalalamika kwamba wenye mtihani hawakumwita, na akataka kujua ni nani wa kushitakiwa. Mumbua akaenda hivyo hivyo kwa kila mmoja. Alipofika kwa mama yake, Kavata aliinua jerikeni yake kabla hajasemeshwa.

"Langu bado," alisema. "Majibu hayajatoka."

Novemba mvua ilinyesha, nao wakapanda. Majibu yalifika karibu na Krismasi. Mumbua aliyafungua kwenye ngazi za posta ya Kitui, akasoma, akasoma tena, kisha akaketi pale pale watu wakimruka. Alikuwa amepita kwa kiasi kidogo sana, upana wa neno moja au mawili. Alipomweleza mama yake, Kavata alifunga mdomo kwa kiganja muda mrefu. Kisha akauliza kama huko ndiko yanakotoka mahindi ya manjano. Mumbua akasema ndiko. Mama akasema basi awaambie yana harufu. Na jina lake akasema lingoje kwanza; majibu si safari.

Agosti ya mwaka uliofuata mto ulikuwa mchanga tena, na asubuhi ya safari wanawake walikuwa wakiteremka na jerikeni zao. Walipopita mbele ya uwanja walimwita Kavata. Walikuwa wameongezea neno lile irabu ili likae mdomoni, na walilisema kwa heshima, kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa maana yake na walikuwa wameamua ni kubwa.

"Abujekti! Twende!"

"Ii," aliitikia Kavata, kama mtu anayeitikia jina lake.

Mumbua, sanduku likiwa mlangoni, alimshika mkono. Alimwambia kwamba hawezi kuondoka akimwacha anaitwa hivyo. Kuna mwanambuzi mmoja zizini, amchinje leo, wanawake waitwe wale, na jina lile livuliwe. Kavata alikwenda zizini, akamtazama mwanambuzi, akampapasa mbavu. Alizaliwa baada ya mvua, mdogo bado, miguu mirefu kuliko mwili.

"Huyu hajafika," alisema. "Mwache akue. Ukirudi na hizo mbegu zako utamchinja, unipe jina lingine mbele za watu."

"Na wakikuuliza maana yake nikiwa sipo?"

Kavata alijitwika jerikeni tupu mgongoni, akaweka ukanda kwenye paji la uso, akauvuta ukakaa sawa.

"Nitawaambia aliyenipa yuko njiani," alisema, akawafuata wenzake mtoni.